Fundo la Mkono wa Kushoto

Saint-Junien, 14 Novemba 1983

Kwa Mkurugenzi,
Nyumba ya Manukato ya Hautecloche, Paris

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni mjane wa Fernand Marsaudon, mkataji wa ngozi za glavu wa mji huu, aliyefariki tarehe 9 Julai. Sikuandikii kutaka rambirambi. Nakuandikia kwa sababu Jumamosi iliyopita nilinusurika kuibiwa ndani ya duka lako, mchana kweupe.

Kwa miaka ishirini na miwili sijajipaka kitu kingine ila Aurélande yenu. Marehemu aliniletea chupa ya kwanza mwaka tuliooana, alipopeleka glavu Paris, na tangu hapo kila tarehe 6 Oktoba, siku ya ndoa yetu, alinipa mpya, imefungwa shingoni kwa utando na uzi kama mnavyofunga ninyi. Uzi niliukata mwenyewe kwa mkasi wangu wa kushonea glavu. Kila Septemba aliichukua chupa ya zamani akairudisha kwenu, maana ndiyo desturi ya nyumba yenu kwa wateja wa siku nyingi. Kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mshamba asiyejua harufu. Mji mzima unanijua kwa Aurélande. Kanisani watu huniambia wanajua nimeingia hata kabla hawajageuka.

Mwaka huu Oktoba ilipita bila chupa. Nilivumilia mwezi mmoja, kisha nikapanda treni. Aliyenipokea ni msichana mrefu, Binti Kermarec. Alinikalisha, akanivua glavu kwa mikono yake, akausifu mshono. Nikadhani nimefika mahali pa watu. Akadondosha tone kwenye kikaratasi, akakipunga, akanipa. Haikuwa Aurélande. Akaleta chupa nyingine, akaukata uzi wake mbele yangu. Yale yale: kitu kizito, kama maua yaliyolala na moshi. Nikamnyooshea mkono wangu, niliokuwa nimeupaka asubuhi kutoka chupa yangu ya nyumbani, nikamwambia, "Nusa hapa. Hii ndiyo Aurélande. Hiyo yako ni nini?"

Alinusa. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akageuza uso, kisha akasema mbele ya wateja watano, "Samahani, Bibi. Kosa ni langu."

Sasa, Bwana, asiye na hatia huomba radhi ya nini? Nilimwambia, na wote wakasikia, kwamba anauza maji ya bandia, na ya kweli anajua mwenyewe anayapeleka wapi.

Sitaki zawadi. Nataka msichana huyo asisimame tena mbele ya wateja.

Huguette Marsaudon


Paris, 21 Novemba 1983

Bibi Marsaudon,

Nyumba ya Hautecloche inakuomba radhi. Binti Kermarec, aliyekuwa nasi miaka sita bila lawama, ameondolewa dukani na kupelekwa chini, kwenye meza ya kufungashia. Nimemtaka maelezo mara tatu. Mara zote amesema kosa ni lake, hakuongeza kitu. Mtu asiyejitetea siwezi kumtetea. Lisipotokea jambo jipya, kazi yake itakoma tarehe 31 Desemba.

Tafadhali tutumie hiyo chupa yako ya nyumbani. Bibi Fouquier, mkuu wa meza yetu ya kufungia chupa, ataichunguza, tujue udanganyifu umeanzia wapi.

Na neno moja dogo. Nimewauliza makarani wetu wa zamani, na wote wanasema nyumba hii haijapata kuwa na desturi ya kupokea chupa tupu. Huenda marehemu alikuwa na mapatano yake na muuzaji fulani.

Kwa heshima,
Aubin de Pressac, Mkurugenzi


Paris, 25 Novemba 1983

Bibi Marsaudon,

Nakuandikia kutoka chumbani kwangu, kwenye karatasi yangu mwenyewe, na Bwana de Pressac akijua atazidi kukasirika. Nina ombi moja tu. Usiitume ile chupa. Waambie imevunjika, au umeipoteza, au umeghairi. Kwa habari ya kazi yangu usijitie mashaka, mimi bado kijana na Paris ina maduka mengi.

Sijui nikueleze vipi bila kusema nisilotaka kusema. Kuna mzee mmoja huja dukani kila mwanzo wa mwezi, anaomba kikaratasi kimoja chenye harufu aliyokuwa akijipaka mkewe. Hanunui. Wenzangu wanamwita Bwana Kikaratasi, naye anajua, lakini anakuja. Mimi humtilia kikaratasi chake kwenye bahasha ili kifike nyumbani. Nasema hivi ili uelewe kwamba sikuwa nakudharau siku ile, hata kama wewe uliona vingine.

Itunze chupa yako, uitumie mpaka tone la mwisho. Usimpe mtu aichunguze.

Ghislaine Kermarec


Saint-Junien, 29 Novemba 1983

Binti Kermarec,

Barua yako nimeipata, na nimeielewa kuliko ulivyotaka. Kumbe unaiogopa chupa! Ungekuwa msafi ungeniomba niitume upesi. Na huyo mzee wako wa vikaratasi usiniletee. Mimi si mtu wa kuonewa huruma na msichana wa dukani. Mume wangu hakuninyima kitu.

Chupa nimeituma jana kwa rejista, na stakabadhi ninayo. Imebaki kidole kimoja cha Aurélande ya kweli, ya mkono wa Fernand, na nimeililia nilipoifunga kwenye boksi, maana sina nyingine. Lakini bora niikose kuliko wewe uendelee. Njia ya mwongo ni fupi, binti.

H. Marsaudon


Paris, 5 Desemba 1983

Bibi Marsaudon,

Jina langu Armande Fouquier. Nimekaa kwenye meza ya kufungia chupa miaka thelathini na minne. Sina maneno ya kupambwa kama ya Mkurugenzi, kwa hiyo kaa chini kwanza.

Chupa yako imefika. Ni yetu. Namba iliyo chini ya kitako ni ya mwaka 1961. Haijapata kurudi hapa tangu siku iliyotoka. Shingoni ulikuwa umekiacha kipande cha uzi chenye fundo, na nimekitazama kwa miwani yangu ya kazi. Sisi tunafunga kwa hariri. Huu ni uzi wa pamba uliopakwa nta, wa kushonea glavu. Utando si wetu, ni ngozi ya mwanakondoo iliyoparwa mpaka ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kazi nzuri ajabu, nisingeweza mimi. Na fundo letu huvutwa kulia. Hili limevutwa kushoto.

Kilichomo ndani ni maji ya lavenda, ya kuuzwa kwenye duka lolote la dawa.

Mumeo alikuwa anatumia mkono wa kushoto, sivyo?

Sasa nikwambie lililonifanya niishike kalamu. Nilimshukia Ghislaine kule chini, nikamwekea chupa mezani, nikamwambia aseme. Alijua tangu uliponyoosha mkono. Mtoto yule pua yake haikosei. Nikamwuliza mbona alikubali kuitwa mwizi. Akasema, "Amefiwa miezi minne tu. Ningemwambiaje mbele ya watu kwamba mumewe alimdanganya?" Kisha akaniapisha nisikuandikie. Nimevunja kiapo, na sijuti.

Mkurugenzi hajaiona chupa. Nimemwambia posta inachelewa. Iko kwenye droo yangu chini ya mabonge ya hariri, na itakaa humo. Mimi sitasema kitu. Ni mume wako, na ni wewe uliyesema mbele ya watu. Lakini tarehe 31 iko karibu, na msichana huyo anamlisha mama yake aliye Quimper.

Armande Fouquier


Saint-Junien, 12 Desemba 1983

Kwa Bwana de Pressac

Bwana Mkurugenzi,

Nakuandikia kurekebisha jambo dogo. Siku niliyokuja dukani nilikuwa na mafua, na nadhani pua yangu ilinikosesha. Nimeikumbuka tena ile harufu na naona huenda ilikuwa ndiyo. Basi tuyaache. Naomba Binti Kermarec arudishwe mahali pake, na chupa yangu nirudishiwe bila kuchunguzwa.

H. Marsaudon


Paris, 16 Desemba 1983

Bibi Marsaudon,

Wema wako unakupa heshima. Lakini mafua yako hayaelezi kwa nini Binti Kermarec alikiri. Bado sina jambo jipya, na uamuzi unabaki ulivyo. Chupa yako haijafika. Tunaisumbua posta.

Aubin de Pressac


Paris, 23 Desemba 1983

Bibi Marsaudon,

Jana uliondoka kabla sijamaliza ngazi. Nilikimbia mpaka kituo cha basi bila koti, sikukuona. Kwa hiyo nakuandikia.

Nilikuwa chini nafunga riboni. Msimu huu wa Noeli duka hujaa mpaka mlangoni, na kule chini tunasikia viatu tu. Mara viatu vikanyamaza vyote. Nikadhani mtu ameanguka. Nikapanda nusu ya ngazi, ndipo nikaisikia sauti yako. Mengine nimehadithiwa na Bibi Armande.

Anasema safari hii uliingia ukawasalimu watu wote, mmoja mmoja. Bwana de Pressac akaja mbio akitaka kukuchukua ofisini, nawe ukakataa. Maneno yako niliyasikia kwa masikio yangu: "Nilimtukana hapa, na hapa ndipo nitakapoyameza." Kisha ukasema yote. Kwamba ulikuwa umejipaka maji ya lavenda ya duka la dawa, na kwamba umejipaka hayo miaka ishirini na mmoja ukijisifu kwa Aurélande. Kwamba Aurélande ya kweli uliletewa na msichana mwaminifu ukamwita mwizi. Yule bibi mwenye koti la manyoya alicheka, na mwenzake akamfuata. Ukawangoja wamalize, kisha ukaendelea. Mimi nilishika ukuta. Nilitaka kupanda nikuzuie, nikabaki pale pale.

Bwana de Pressac alikupa chupa mpya kama zawadi, nawe ukamwambia huna pua ya kuitumia. Asubuhi hii amenirudisha dukani. Ameniomba radhi, kwa shida, lakini ameomba.

Sasa wewe umesema la kwako mbele ya umati. Mimi la kwangu nitalisema kwenye karatasi, maana sina moyo kama wako. Unadhani nilinyamaza kwa wema. Bibi Armande anadhani hivyo, na jana wote dukani walinikumbatia kwa sababu hiyo. Si kweli, au si yote. Uliponinyooshea mkono nikanusa lavenda ile, jambo la kwanza lililonijia ni kicheko. Uso ulikuwa mwekundu kwa sababu nilikuwa nakibana. Niligeuka ili usikione. Nilikuwa tayari nimekwisha kuwaza nitakavyowahadithia wenzangu wakati wa chakula, na jina nitakalokupa. Halafu macho yangu yakaangukia glavu zako nilizokuvua, zile nyeusi za matanga, na ule mshono mdogo mdogo, nikaona haya mpaka nikakosa pa kuyaweka macho. Ndipo nikasema kosa ni langu. Lilikuwa langu kweli, ila hakuna aliyejua ni lipi.

Huyo ndiye mtu uliyejiaibisha kwa ajili yake. Nisamehe.

Chupa yako naipeleka posta leo. Bibi Armande hakuruhusu mtu aioshe.

Ghislaine


Saint-Junien, 9 Januari 1984

Ghislaine mwanangu,

Chupa imefika salama. Nimeiweka mahali pake, mbele ya kioo.

Kicheko chako nimekisamehe kabla sijafika mwisho wa mstari. Ungecheka tu, binti. Ungekuwa umeniokolea safari ya pili ya treni. Lakini na mimi nina la kuongeza, kwa sababu nilidhani aibu yangu nimeiacha yote kwenu Paris, kumbe niliyopeleka kule ilikuwa ile nyepesi. Wale walikuwa wageni. Sitawaona tena.

Kwanza jua hili. Mimi nimeshona glavu miaka kumi na minane kabla macho hayajachoka. Uzi ule ulikuwa kwenye kikapu changu, kando ya mguu wangu. Kila Oktoba niliukata kwa mkasi wangu niliouzoea, na sikuujua. Nimejiuliza sana, na jibu ninalo, ila halinipendezi. Niliujua. Kuna mwaka mmoja, nadhani wa tano, niliushika uzi nikahisi nta kwenye vidole. Nikautupa jikoni upesi, na Fernand alikuwa amesimama mlangoni. Hatukusema kitu. Nilikukejeli kwamba njia ya mwongo ni fupi. Ya kwetu ilikuwa ya miaka ishirini na mmoja, tukiitembea wawili.

Na bado niliutumia uongo huo kujikweza. Hilo ndilo linalonichoma. Yeye alidanganya ili nifurahi. Mimi nilijua, nikawanyooshea watu mkono wanuse.

Jumatano nilikwenda kwa Odette Thévenot, mwenye duka la dawa. Huyo tunakaa benchi moja kanisani, na hakuna mtu niliyemringia kwa Aurélande kama yeye. Kila mwaka nilimpitishia mkono puani, naye kila mwaka alifumba macho akasema, "Paris ni Paris, Huguette." Niliingia, nikasubiri mteja aliyekuwepo atoke, nikafungua mdomo. Odette hakuningoja. Aligeuka, akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu, akaniwekea chupa ya lavenda mezani.

"Nilidhani utakuja Oktoba," akasema.

Nikamwuliza mbona hakuniambia siku zote hizo. Akanijibu kwamba Fernand alimwomba, na kwamba mwaka kiwanda kilipopunguza watu alikuja akasimama hapo hapo nilipokuwa nimesimama, kofia mkononi, akamwuliza kama aweza kupewa nusu ya chupa. Alimpa nzima. Hivyo ndivyo nilivyojipaka Aurélande mwaka 1974, mwaka niliomcheka Odette kwamba wake wa wauza dawa hunuka kafuri.

Nilimlilia pale dukani. Kisha akaifunga lavenda kwenye karatasi na hakutaka kitu.

Nyumbani niliimimina kwenye chupa ya Fernand. Nikatafuta uzi na kipande cha ngozi, nikajaribu kufunga lile fundo. Kwa mkono wa kulia linafunguka. Nimejaribu kwa mkono wa kushoto siku tatu, na lililo bora limekaa upande kama kofia ya mlevi. Mwambie Armande ningekuwa kwake angenifukuza siku ya kwanza.

Basi jana, Jumapili, nilijipaka nikaenda misa. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Mtu akishawaambia wageni, na majirani zake ana deni nao. Baada ya misa tulisimama mlangoni kama kawaida, wanawake saba au wanane, wote wa kiwandani au wake za watu wa kiwandani. Maurillette, anayesimamia kwaya, akanivuta mkono akaunusa, akauliza kama alivyouliza kila Januari, "Ile ya Paris bado ipo?"

Hapo palikuwa pagumu kuliko dukani kwenu. Nikasema, "Si ya Paris. Haijawa ya Paris tangu 1962. Ni lavenda ya kwa Odette. Fernand alikuwa anaimimina kwenye chupa ya zamani, nami nimewadanganya nyote."

Nikasubiri wacheke. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, Ghislaine, nilikuwa hata nimekiombea.

Maurillette aliushusha mkono wangu taratibu, akanivalisha glavu. Mmoja akaniuliza kama bado nina kuni za kutosha. Mwingine akasema baridi imezidi, twendeni. Odette alikuwa anatazama viatu vyake.

Hakuna hata mmoja aliyeshangaa.

Huguette